Mfupa umejengwa kuufuata mshipa wa damu

Nunua buchani mfupa wa muundi wa mbuzi, ukwangue nyama yote kwa kisu, kisha ugeuze upande wa nyuma na utazame theluthi ya juu, chini ya goti. Utaona kitundu cha umbo la yai, na juu yake mfuo mfupi kama alama ya ukucha. Chukua kijiti cha ufagio wa chelewa ukichomeke humo. Ukikisimamisha wima hakiingii. Ukikilaza kitapenya kwa mshazari kuelekea chini, upande wa kwato, hadi kwenye uboho. Hiyo ndiyo njia iliyopita ateri kubwa ya mfupa huo mnyama alipokuwa hai. Kwa binadamu kitundu hicho kipo nyuma ya muundi, theluthi ile ile ya juu, na kinaelekea chini vile vile.

Wanafunzi wengi huujua mfupa kupitia kiunzi kikavu kilichotundikwa maabara, cheupe, kisicho na tone la damu. Hutoka hapo wakiamini kwamba mfupa ni nguzo tu ya kubebea nyama. Mfupa ulio hai una rangi ya waridi na ukikatwa hutoka damu. Mifupa yote kwa pamoja hupokea kati ya asilimia 5 na 10 ya damu inayosukumwa na moyo. Kwa mtu mzima aliyetulia, ambaye moyo wake husukuma karibu lita 5 kwa dakika, hiyo ni mililita 250 hadi 500 kila dakika. Mtu aliyevunjika fupa la paja anaweza kupoteza zaidi ya lita moja ya damu ndani ya paja bila ngozi kupasuka.

Umbali unaoamua kila kitu

Seli nyingi za mwili hupata chakula kwa njia rahisi: oksijeni na sukari hutoka kwenye kapilari, husambaa katika majimaji yaliyo baina ya seli, na kufika. Katika mfupa njia hiyo imezibwa, kwa sababu baina ya seli na seli kuna madini magumu. Ndiyo maana seli ya mfupa haiwezi kuishi mbali na damu. Mpaka wake ni takriban milimita 0.2, sawa na karatasi mbili za kuchapia zikiwekwa pamoja. Ukikishika kipimo hicho kichwani, karibu kila umbo utakaloliona kwenye hadubini litajieleza lenyewe, na magonjwa mengi ya mifupa yatakuwa na maana.

Tuanze na mali ghafi. Kwa uzito, karibu asilimia 65 ya mfupa ni madini, hasa fuwele ndogo sana za kalsiamu na fosfeti ziitwazo haidroksiapataiti. Karibu asilimia 25 ni protini, na sehemu kubwa ya protini hiyo ni nyuzi za kolajeni. Kinachobaki ni maji. Kazi ya kila kimoja unaweza kuipima jikoni. Loweka mfupa mwembamba wa kuku katika siki nyeupe kwa wiki moja, ukibadilisha siki kila baada ya siku mbili. Asidi itayeyusha madini na kuacha kolajeni, na mfupa utapindika kama mpira. Mfupa mwingine uchome juu ya makaa mpaka uwe mweupe. Hapo kolajeni imeungua na madini yamebaki: umbo ni lile lile, lakini ukiuminya kwa vidole unasagika. Madini huzuia mfupa usibonyee, kolajeni huuzuia usikatike.

Ndani ya mfupa mgumu

Mfupa mgumu wa nje, ule unaotengeneza ukuta wa mifupa mirefu, ni karibu asilimia 80 ya uzito wa mifupa yote. Kwa jicho tupu unaonekana kama pembe ya ndovu, mzito na usio na nafasi. Kwenye hadubini umejaa vizingo kama vya shina la mti, mamia kwa mamia, kila kimoja na tundu katikati. Kila kizingo ni nguzo iitwayo osteoni. Upana wake ni takriban milimita 0.2 hadi 0.25, urefu wake ni milimita chache, na imelala kufuata urefu wa mfupa.

Tundu la katikati ni mfereji wa Havers, wenye upana wa karibu mikromita 50, yaani milimita 0.05. Ndani yake hupita kapilari moja au mbili pamoja na uzi wa neva. Clopton Havers, daktari Mwingereza aliyeieleza mifereji hiyo mwaka 1691, alidhani inapitisha mafuta ya uboho. Sasa rudi kwenye kile kipimo chetu. Osteoni yenye upana wa milimita 0.2 maana yake ni kwamba seli iliyo pembezoni kabisa iko milimita 0.1 kutoka kwenye damu. Osteoni haikui hadi kukipita kipimo hicho, kwa kuwa seli za ukingoni zingekufa kwa njaa.

Kuuzunguka mfereji kuna matabaka 10 hadi 20, kila moja na unene wa mikromita 3 hadi 7. Nyuzi za kolajeni katika tabaka moja zinaelekea upande mmoja, na katika tabaka linalofuata zinakata upande mwingine, kama vile fundi anavyopishanisha mbao nyembamba ili plaiwudi isipasuke. Ukingoni mwa osteoni kuna mstari mwembamba usio na kolajeni nyingi, uitwao mstari wa saruji. Ufa unaoanza ndani ya mfupa mara nyingi hufika hapo, hugeuka na kufuata mstari badala ya kukatiza. Hivyo nyufa ndogo za kila siku hazigeuki kuwa mvunjiko.

Baina ya osteoni nzima utaona vipande vya matabaka visivyo na mfereji wake. Hayo ni mabaki ya osteoni za zamani zilizochimbwa na kujengewa juu. Yafikirie kama mji mkongwe ambako nyumba mpya imekata ukuta wa nyumba ya babu, na kipande cha ukuta wa zamani kimebaki kimesimama baina ya vyumba. Kwa wingi wa mabaki hayo wataalamu wa mifupa ya makaburini hukadiria umri wa marehemu.

Mifereji ya Havers hulala kwa urefu, kwa hiyo inahitaji njia za kuiunganisha. Kazi hiyo hufanywa na mifereji ya Volkmann, inayokata upande kwa upande kutoka kwenye uboho hadi kwenye utando wa nje unaoufunika mfupa. Njia ya kuitambua: haina matabaka ya duara kuizunguka, bali imetoboa tu matabaka iliyoyakuta.

Seli iliyozikwa hai

Katika kila tabaka kuna vijumba vyenye umbo la mbegu ya tikiti, na ndani ya kila kijumba seli moja, osteosaiti. Hizi ni zaidi ya asilimia 90 ya seli zote za mfupa, na moja inaweza kuishi miaka mingi pale pale ilipozikwa. Kutoka kwenye kila kijumba hutoka vijia vyembamba, makumi kwa makumi, vyenye upana wa chini ya nusu ya mikromita. Chembe nyekundu ya damu ina upana wa mikromita 7 hadi 8, kwa hiyo damu yenyewe haiwezi kuingia humo. Kinachopita ni majimaji, yakiuzunguka mkono mwembamba wa seli. Mikono ya seli jirani hukutana ncha kwa ncha na kupeana chakula na taarifa, kuanzia seli iliyo karibu na kapilari mpaka ile ya ukingoni.

Majimaji hayo hayatembei vizuri yenyewe. Husukumwa mfupa unapobebeshwa uzito. Unapokanyaga chini muundi hupinda kidogo mno, na majimaji yakahamishwa kutoka upande uliominywa kwenda upande uliotanuka. Osteosaiti huuhisi mkondo huo. Mkondo ukiwapo, seli hupunguza kutoa protini iitwayo sklerostini, ambayo kazi yake ni kuzuia ujenzi. Mkondo ukikosekana, sklerostini hupanda na ujenzi hulala. Wanaanga wanaokaa angani, ambako miguu haibebi uzito, hupoteza asilimia 1 hadi 1.5 ya madini ya nyonga kila mwezi. Mgonjwa aliyelala kitandani wiki nyingi naye yumo katika njia hiyo hiyo, na ndiyo sababu wahudumu wa viungo humsimamisha mapema, hata kama yeye anaona anasumbuliwa.

Mfupa wa sponji, ulio kwenye ncha za mifupa mirefu na ndani ya pingili za uti wa mgongo, umejengwa kwa vijiti na vibamba vyenye unene wa milimita 0.1 hadi 0.3. Vingi havina mfereji wa Havers. Havihitaji, maana uboho wenye damu umevizunguka pande zote, na seli ya katikati bado iko ndani ya kipimo. Mfupa huu ni asilimia 20 tu ya uzito, lakini una eneo kubwa la uso linalogusana na uboho, na ukarabati wa mfupa hufanyika usoni. Huko ndiko mfupa hubadilishwa kwa kasi zaidi, na ndiko unakoanza kupungua mtu anapozeeka: pingili za mgongo, kifundo cha mkono, shingo ya fupa la paja.

Kuchimba kwanza, kujenga baadaye

Kila mwaka karibu asilimia 10 ya mifupa ya mtu mzima hubomolewa na kujengwa upya. Kosa tunalokutana nalo sana ni kudhani osteoni hukua kama mti, ikianzia katikati na kuongeza vizingo nje. Ni kinyume chake.

Kazi huanzwa na osteoklasti, seli kubwa zenye viini vingi, za ukoo mmoja na chembe nyeupe za damu. Hujibana juu ya mfupa na kuziba kingo zake, kisha humwaga asidi chini yake. Asidi huyeyusha madini, na kimeng'enya kiitwacho kathepsini K hukata kolajeni iliyobaki wazi. Kundi la osteoklasti huchimba handaki lenye upana wa takriban milimita 0.2, likisonga mbele mikromita 20 hadi 40 kwa siku. Nyuma yake, ndani ya handaki, hufuata kapilari mpya. Na kapilari ikishafika, osteoblasti, yaani seli za ujenzi, hujipanga ukutani na kuweka tabaka la kwanza nje kabisa, kisha la pili ndani yake, na kuendelea hivyo mpaka nafasi inayobaki ni ya mshipa tu.

Hesabu inakubali. Handaki lina nusu kipenyo cha mikromita 100, mfereji utakaobaki una 25, kwa hiyo ukuta wa kujaza ni mikromita 75. Osteoblasti huweka karibu mikromita 1 kwa siku, hivyo ni siku 75 au zaidi za kujenga, baada ya wiki kadhaa za kuchimba. Tabaka linalougusa mshipa ndilo changa kuliko yote. Nyenzo mpya huwa laini kwanza, na madini huanza kuingia baada ya siku 10 hivi, yakiendelea kuongezeka kwa miezi. Mgonjwa anayetaka kujua kwa nini mguu uliovunjika unahitaji miezi na si wiki, jibu lake limo katika mikromita hiyo moja ya siku.

Utaratibu huu una sharti: kapilari isipofika, osteoblasti hazifiki. Mfupa uliokufa unaweza kusimama imara kwa miezi mingi bila dalili, maana madini hayaozi, lakini nyufa zake ndogo hazizibwi tena. Huchakaa kama kijiko cha bati kinachokunjwa na kukunjuliwa, mpaka siku moja unaporomoka.

Kuiona kwa macho yako

Kuna njia mbili za kutengeneza slaidi ya mfupa, na kila moja inaonyesha nusu ya ukweli.

Ya kwanza ni kusaga. Kata kwa msumeno wa chuma kipande cha milimita 1 hadi 2 kukatiza mfupa mkavu, kichemshe katika maji ya sabuni ili mafuta yatoke, kikaushe. Kisugue kwa msasa uliolowa maji juu ya kioo, ukianza na namba 220, kisha 400, kisha 800 na kumalizia 1200, pande zote mbili, hadi uweze kusoma maandishi ya gazeti kupitia kipande hicho. Hapo kimebaki na unene wa chini ya milimita 0.1. Kioshe, kikauke kabisa, kisha kifunike kwa gundi nzito ya slaidi. Vijumba na vijia vitaonekana vyeusi kwa sababu vimejaa hewa. Ukitumia gundi nyepesi itaingia mle ndani, hewa itatoka, na kila kitu kitapotea machoni. Na usitumie mfupa wa ndama: ng'ombe anayekua haraka hujenga kwanza mfupa wa tabaka zilizopangwa kama matofali, osteoni huja baadaye. Mwombe mwuza nyama mfupa wa ng'ombe mzee.

Njia ya pili huonyesha seli zenyewe. Kipande kibichi cha milimita 3 hadi 5 huwekwa katika formalini ya asilimia 10 kwa siku moja hadi mbili, kisha katika asidi ya fomiki ya asilimia 10 yenye ujazo wa angalau mara 20 ya kipande, ikibadilishwa kila siku mpaka madini yaishe. Baadaye hukatwa kwa unene wa mikromita 5 na kutiwa rangi. Dawa iitwayo EDTA hufanya kazi hiyo kwa upole zaidi, ila inachukua wiki kadhaa. Hatari iko hapa: kipande kikisahaulika ndani ya asidi, viini vya osteosaiti hukataa rangi na vijumba huonekana vitupu. Vijumba vitupu ndiyo alama ya mfupa mfu. Fundi wa maabara aliyechelewa siku mbili anaweza kumfanya daktari aamini mfupa umekufa wakati ulikuwa hai. Kinga yake ni kutazama uboho katika slaidi hiyo hiyo: kama seli za uboho nazo zimepoteza viini vyake wakati maumbo yake yapo sawasawa, shuku asidi kwanza.

Milango ya damu

Mfupa mrefu hulishwa kupitia milango mitatu. Wa kwanza ni kile kitundu cha kijiti cha chelewa. Ateri huingia humo bila kutoa tawi, na ikifika kwenye uboho hugawanyika, tawi moja juu na jingine chini. Matawi hayo hulisha uboho na theluthi mbili za ndani za ukuta mgumu. Wa pili ni vitundu vidogo vingi vilivyotapakaa kwenye ncha, karibu na maungio. Wa tatu ni mishipa myembamba ya utando wa nje, inayotoka hasa pale misuli iliposhikamana na mfupa. Hii hulisha theluthi moja ya nje. Kwa kuwa shinikizo ndani ya uboho ni kubwa kuliko nje, damu katika mfupa mzima wa mtu mzima husafiri kutoka ndani kwenda nje, na kutokea kwenye vena za utandoni.

Mwelekeo wa kitundu si wa bahati nasibu. Katika mkono vitundu vyote huelekea kwenye kiwiko, katika mguu vyote hulikimbia goti. Mfupa mrefu una ncha moja inayokua kuliko nyingine: mkononi ni begani na kwenye kifundo cha mkono, mguuni ni pande zote mbili za goti. Ncha inayokua sana huivuta ngozi ya nje ya mfupa upande wake, na mshipa unabaki umelazwa ukielekea ncha nyingine. Kwa msoma picha za eksirei elimu hii ina faida ya haraka. Mstari wa mshazari wenye kingo laini, unaoonekana katika ukuta mmoja tu na kuelekea upande unaotarajiwa, ni mfereji wa ateri. Ufa wa kweli una kingo kali na hauheshimu kanuni hiyo.

Vena za ndani ya uboho zina sifa moja inayookoa maisha: zimeshikiliwa na mfupa, hivyo hazinywei. Mtoto aliyeharisha mpaka mishipa yake ikapotea anaweza kupewa maji kwa sindano maalumu inayotobolewa kwenye muundi, upande wa ndani ulio bapa, sentimita 1 hadi 2 chini ya kile kinundu kilicho mbele ya muundi, chini kidogo ya goti. Sindano huelekezwa mbali na goti kidogo ili isiguse gegedu la ukuaji, yaani tabaka laini ambako mfupa wa mtoto hurefukia. Haiwekwi kwenye mfupa uliovunjika, kwa sababu maji yatavujia kwenye misuli, na huondolewa ndani ya saa 24.

Mlango unapofungwa

Kwa mtoto, damu ikifika chini ya gegedu la ukuaji hugeuka ghafla katika vitanzi vyembamba na kumwagikia vena pana. Mwendo hupungua pale. Bakteria aliyekuwa anapita, mara nyingi stafilokoka, hupata nafasi ya kutua. Usaha ukianza kujikusanya ndani ya mfupa usiotanuka, shinikizo hupanda na kuibana mishipa ya ndani. Kisha usaha hutafuta njia, na njia iliyopo ni mifereji ya Volkmann. Ukitokea nje huuinua utando, na kwa kufanya hivyo huung'oa mfupa kutoka kwenye mlango wake wa tatu. Ukuta sasa hauna damu ya ndani wala ya nje. Hufa wote, na kubaki kama kipande mfu kilichoelea katika usaha, huku utando ulioinuliwa, ambao bado uko hai, ukijenga ganda jipya kukizunguka. Vidonge havikifikii kipande hicho, kwa kuwa dawa husafiri kwa damu. Lazima kitolewe kwa upasuaji, na daktari mwenye busara husubiri ganda liwe na nguvu ya kubeba mguu kabla ya kukitoa.

Picha ya eksirei katika siku za mwanzo huwa haina kasoro. Mabadiliko huonekana baada ya siku 10 hadi 14. Mtoto mwenye homa anayekataa kukanyaga, na ukibonyeza karibu na goti anapiga kelele, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, hata kama picha ni safi. Kwa mtoto wa chini ya miezi 18 jambo ni la haraka zaidi, kwa sababu mishipa yake bado inavuka gegedu la ukuaji na usaha unaweza kuingia ndani ya ungio.

Selimundu, ugonjwa wa kurithi unaopinda chembe nyekundu za damu, huharibu kwa njia nyingine. Tanzania na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ni miongoni mwa nchi ambako watoto wengi zaidi duniani huzaliwa nayo, na mifupa ndiko inakouma. Chembe zilizopinda huziba mishipa midogo, sehemu ya mfupa hufa, na bakteria hupata makao katika mfupa huo usiofikiwa na kinga ya mwili. Kwa wagonjwa hawa salmonela kutoka utumboni huonekana mara nyingi kuliko kwa watoto wengine. Mtoto wa kati ya miezi 6 na miaka 2 anayevimba vidole vya mikono na miguu kwa pamoja apimwe selimundu kabla ya kuambiwa ameumwa na wadudu.

Mvunjiko wa muundi, ambao ajali za bodaboda zimeufanya kuwa wa kila siku, unaonyesha milango yote kwa pamoja. Ateri ya uboho hukatika pale mfupa ulipokatika, na kipande cha chini hupoteza damu yake ya ndani. Kinachobaki ni utando na misuli iliyoushika. Lakini theluthi ya chini ya muundi haina misuli ya kuifunika, ni ngozi na kano tu, na mbele mfupa uko chini ya ngozi kabisa. Ndiyo maana huunga polepole kuliko fupa la paja lililozingirwa na nyama. Daktari akiweka chuma kirefu ndani kwa kukikwangulia njia, huiharibu damu ya ndani kwa muda, na mkondo hugeuka: damu huanza kutoka nje kwenda ndani mpaka mishipa ya uboho irudi baada ya wiki kadhaa. Mfupa unavumilia hilo. Usichovumilia ni kukwanguliwa ndani na kuvuliwa utando nje kwa pamoja. Kwa mtazamo wetu, upole wa mkono juu ya utando unastahili uzito sawa na uteuzi wa chuma.

Bandeji na vibanzi vya waunga mifupa vina hatari yao, na hogo la hospitali, ile plasta ngumu, halijasalimika. Mguu uliovunjika huvimba kwa siku mbili za mwanzo. Kifungo kilichobana hakimpi uvimbe nafasi, na shinikizo hupanda mpaka damu haiingii kwenye misuli. Dalili ya kwanza ni maumivu yasiyolingana na jeraha, yanayozidi unapomnyoosha mgonjwa vidole. Ganzi hufuata. Kuwapo kwa mapigo kwenye unyayo kusimpe mtu faraja, kwani mapigo hupotea mwishoni kabisa. Kata kifungo chote mpaka kwenye ngozi, pamoja na pamba ya ndani, uweke mguu usawa wa moyo, na umfikishe kwa mpasuaji. Baada ya saa 6 hivi misuli huanza kufa, na misuli hiyo ndiyo iliyokuwa ilishe mfupa upate kuunga.

Mifupa yenye mlango mmoja

Mifupa mitatu huonewa zaidi kwa sababu sehemu yake kubwa imefunikwa na gegedu, na mshipa hauna pa kuingilia. Kichwa cha fupa la paja hupata karibu damu yake yote kutoka kwa vijimishipa vinavyopanda juu ya shingo ya mfupa, chini ya mfuko wa ungio. Shingo ikivunjika na kuhama, vijimishipa hukatika, na ndiyo sababu mzee aliyevunjika hivyo mara nyingi hubadilishiwa kichwa badala ya kuungwa. Skafoidi, mfupa mdogo chini ya kidole gumba, huingiziwa damu kutoka mwisho wake wa mbele ikirudi nyuma. Ukikatika katikati, nusu ya nyuma hubaki bila mlango. Mtu aliyeanguka juu ya kiganja na kuumia kwenye kishimo kilicho chini ya kidole gumba afungwe hata kama picha ya kwanza haionyeshi kitu, na apigwe nyingine baada ya siku 10 hadi 14.

Wa tatu ni talasi, mfupa unaobeba mwili mzima kwenye kifundo cha mguu, na hauna msuli hata mmoja ulioshikamana nao. Shingo yake ikivunjika, kila mtu anataka kujua kama mwili wa mfupa bado unapata damu. Wiki ya 6 hadi ya 8 piga picha ya eksirei ya kifundo kutoka mbele na utazame chini ya paa la talasi. Ukiona mstari mwembamba wa kiza ukifuata mviringo wa paa, osteoklasti zimefika na kuondoa madini, kama zinavyofanya katika mfupa wowote uliopumzishwa. Na haziwezi kufika bila damu. Hiyo ndiyo ishara ya Hawkins, iliyoelezwa mwaka 1970. Talasi inayobaki nyeupe na yenye afya machoni, wakati mifupa yote jirani imefifia, ndiyo ya kuhofia.